Kabla hamjaandika kwamba mgonjwa hafuati masharti: barua ya wazi kwa vijana wanaotafiti upandikizaji wa figo

Wanangu,

Shikamoo zenu za mlangoni siku ile ya kuwasilisha utafiti niliziitikia zote, na chai mliyoniletea niliinywa hadi tone la mwisho, kwa hiyo asidhani mtu kwamba bibi huyu alikuja na kinyongo chake kutoka nyumbani. Nilikuja na furaha. Zamani zetu mgonjwa wa figo mwenye uwezo, au mwenye bahati ya kulipiwa, alisafirishwa India na kurudi na figo mpya na barua ya kurasa tatu, nasi wauguzi tukabaki kumtunza kwa kuipapasa barua ile kama mtu anayetafuta swichi gizani. Novemba 2017 Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, wakisaidiwa na madaktari kutoka India, na mwaka uliofuata Dodoma nao walipoanza, mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini nililia mbele ya redio. Sasa nimewaona watoto wetu wenyewe wakisimama na takwimu zao wenyewe. Ni nani asingefurahi?

Kilichoniondoa ukumbini kabla ya picha ya pamoja ni safu moja tu ya jedwali lenu, ile iliyoandikwa “wasiofuata masharti”. Humo mliwaingiza wagonjwa wote ambao kiwango chao cha takrolimasi, ile dawa inayouzuia mwili usiikatae figo mpya, kilikuwa kikipanda na kushuka katika damu, mkasema kwamba figo zao zilikataliwa na mwili kwa sababu hawakumeza dawa ipasavyo. Nilivaa miwani nikatafuta mahali palipoandikwa kwamba mliwauliza. Sikupaona.

Nitawaeleza habari za fundi cherehani mmoja, aliyepewa figo na mdogo wake wa kike na kupandikizwa India kabla ya hiyo 2017. Alikuwa na daftari la shule, la mistari, lenye jalada la bluu lililolainika kwa jasho la mfukoni. Kila siku ilikuwa na mstari wake: saa 2 asubuhi alama ya kalamu nyekundu, saa 2 usiku alama nyingine. Siku umeme ulipokatika aliandika “nimemeza kwa tochi”. Mwaka wake wa tatu, kipimo cha mwezi mmoja kilikuja juu mno, cha mwezi uliofuata kikaja chini mno, na katika cha tatu dawa haikuonekana kabisa. Katika faili lake yaliandikwa maneno yale yale ya jedwali lenu. Mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Sasa sikilizeni nilichokuja kukijua baadaye, wakati kreatinini yake, ile taka ya damu inayopanda figo ikishindwa kazi, ilikuwa imeshapanda na yeye amesharudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kipimo kile cha juu kilitokana na foleni yetu: damu ya kupima takrolimasi inapaswa kuchukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi, yaani saa 12 baada ya dozi ya usiku, lakini sisi tulimwita saa 4, naye kwa utiifu wake alikuwa ameshameza saa 2 akiwa ndani ya basi. Vipimo vya chini vilikuwa na sababu nyingine. Alikuwa ameanza kukohoa, akaenda kwenye kituo cha afya cha mtaani kwake, wakamkuta na kifua kikuu, wakamwanzishia dawa kama inavyotakiwa. Miongoni mwa dawa hizo imo rifampisini, ambayo hulichochea ini na utumbo kuivunja takrolimasi kwa kasi kubwa, kiasi kwamba mtu anaweza kumeza kila kidonge kwa saa yake na damu yake ikabaki karibu tupu. Kituo hakikujua kwamba ana figo ya kupandikizwa. Kliniki yetu haikujua kwamba ana kifua kikuu. Aliyejua yote mawili ni yeye peke yake, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu tulikuwa tumeshamwandika kuwa mkaidi, na mkaidi haulizwi, mkaidi hufokewa.

Ndiyo maana nawafokea ninyi leo. Maneno yale yakishaingia kwenye faili, yeyote anayelifungua baadaye huanza nayo. Yakiingia kwenye utafiti, husafiri mbali zaidi, na siku moja mtu wa wizara anayepanga bajeti ya dawa atasoma kwamba wagonjwa wetu hawamezi, naye ataona hakuna haja ya kununua mashine za kupima kiwango cha dawa.

Na lipo jambo lililo ndani ya damu yetu wenyewe, ambalo nilitegemea mlianze nalo. Takrolimasi ilipatikana Japani mwaka 1984 kutokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, na dozi zake zikapimwa kwa sehemu kubwa katika miili ya watu wa huko na wa nchi za Magharibi. Jeni iitwayo CYP3A5 hutengeneza kimeng’enya kinachoivunja dawa hii. Kwa Wazungu wengi jeni hiyo imelala tangu kuzaliwa. Kwa Waafrika wengi iko macho, inafanya kazi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2015 unapendekeza kwamba mtu ambaye kwake iko macho aanzishiwe dozi mara 1.5 hadi 2 ya ile ya kawaida, kisha afuatwe kwa vipimo. Basi mnapomkuta Mgogo au Mdigo ana kiwango cha chini, mnajuaje kwamba kosa ni la mdomo usiomeza na si la dozi iliyokatwa kama suti kwa kimo cha mwingine? Huo ndio utafiti. Upimeni katika watu wetu, makabila yetu ni mengi na damu zetu hazifanani, kisha mtueleze.

Mmoja wenu alinijibu mlangoni kwamba dunia sasa imeshahamia kwenye figo za nguruwe. Najua, mwanangu, nimesoma kwamba Machi 2024 huko Boston mgonjwa alipandikizwa figo ya nguruwe aliyebadilishwa jeni mara 69, na akafariki baada ya takribani miezi miwili. Ni kazi kubwa na siidharau, ingawa kwetu huku pwani mtakuwa na mjadala mrefu na mashehe kabla ya kufika chumba cha upasuaji. Mimi ningependa mtazame karibu zaidi, Cape Town. Dakta Elmi Muller aliona mambo mawili pale pale kazini kwake: wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI walikuwa wakikosa figo, na figo za marehemu wenye virusi hivyo hivyo zilikuwa zikitupwa. Mwaka 2008 akaanza kuwapandikizia hao za hao, na mwaka 2015 akachapisha habari za wagonjwa 27. Swali hilo halikutoka ng’ambo. Lilitoka wodini, kwa mtu aliyekuwa akitazama.

Kuna na yule mdogo wake fundi. Figo aliyoitoa ilikuwa na faili nene. Yeye hakuwa na hata karatasi. Duniani kote wanaotoa figo wakiwa hai wengi wao ni wanawake, na hapa kwetu vikao vya ukoo vinajua sana kumpata dada asiye na kazi. Akishatoa, majirani humnong’ona kwamba hazai tena. Wengi hubeba mimba na kujifungua salama, ila shinikizo la damu wakati wa ujauzito huonekana zaidi kwao kuliko kwa wenzao, kwa hiyo wanahitaji kufuatwa kliniki. Ni nani kati yenu anawafuata?

Mengine nayataja tu. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na isomwe mgonjwa akiwa amekaa. Akihojiwa, aulizwe na habari za mitishamba na za balungi, maana navyo huweza kukibadili kiwango cha dawa, bila kuchekwa. Damu ya ziada mnayochukua, aambiwe inakwenda wapi. Anayekosa dawa kwa sababu bima imekwama awe na safu yake, asichanganywe na aliyesahau.

Lile daftari la bluu fundi aliniachia kabla hajafariki, na liko kwenye kabati langu la vyombo, chini ya sahani za wageni. Anayetaka kuliona aje Jumamosi baada ya saa 4, nitakuwa nyumbani. Asilichukue; alisome hapo hapo mezani, na akitaka nakala aje na simu yake apige picha.

Ni mimi bibi yenu,
muuguzi mstaafu.