Mazabodi yenye kasoro: mpya itangulie, mbovu ifuate

Mhariri,

Mtengenezaji akishakiri kwamba mazabodi zake, yaani zile bodi kuu ambazo vipande vyote vya kompyuta huunganishwa nazo, zina kasoro, wanahabari huandika hasara atakayopata, bei ya hisa zake huyumba siku mbili tatu, kisha habari inapoa. Anayebaki na shughuli ni aliyeinunua bodi hiyo. Ameambiwa airudishe dukani abadilishiwe bila malipo. Hakuambiwa atakaa muda gani bila kompyuta, nani atakayeifungua, wala itakuwaje akifika kaunta akakuta muuzaji naye kalisoma tangazo asubuhi hiyo hiyo.

Mimi ni fundi, kazi yangu ni kuunganisha na kutengeneza kompyuta, na ugomvi huu nimeusikia kutoka pande zote mbili za kaunta. Ninachodai ni hiki: katika wito wa kurudisha mazabodi, mteja apewe mpya kwanza, ndipo mbovu ikusanywe. Mara nyingi hufanyika kinyume. Bodi mbovu inatangulia, inalala dukani, inapelekwa kwa msambazaji, msambazaji anaipeleka kwa mtengenezaji, na muda wote huo mteja anapigwa danadana huku ana kasha tupu mezani, prosesa (ubongo wa kompyuta) kwenye mfuko na memori kwenye droo.

Birika la umeme likitangazwa kuwa bovu, mtu analichomoa, analifungasha na kulipeleka. Mazabodi haichomoki hivyo, kwa sababu kila kilichomo ndani ya kasha kimeshikana nayo. Kadi ya picha itoke, nyaya za umeme zitoke, vile viwaya vidogo vya swichi na taa ambavyo hakuna anayekumbuka vilikaa wapi vitoke, feni na kipoza joto kifunguliwe, grisi ya zamani ifutwe, prosesa inyanyuliwe bila kuguswa chini. Kisha yote yarudiwe kwenye bodi mpya. Asiyejua kazi hiyo atamlipa fundi, na sijawahi kuona tangazo lililotaja malipo ya fundi. Hata akimaliza, Windows iliyokuja na kompyuta inaweza kumgomea kwa kuwa leseni yake imefungamanishwa na bodi ya zamani. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data kwa siri, mfumo utadai ufunguo wa akiba mara unapoona bodi imebadilika, na asiyeuhifadhi ataziaga data zake. Onyo hilo lingefaa kukaa mstari wa kwanza wa tangazo, kabla hata ya pole.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Januari 2011. Intel ilikuwa imeanza kuuza prosesa zake za Sandy Bridge mapema mwezi huo, na tarehe 31 ikatangaza kwamba chipu zake za mfululizo wa 6, zile zinazosimamia matundu ya diski kwenye mazabodi, zina kasoro. Transista moja katika saketi ya matundu ya SATA ya kasi ya 3Gb/s ilikuwa ikipewa volti kuliko inavyostahimili. Ilivujisha umeme kidogo kidogo, kwa hiyo matundu hayo manne yangedhoofika kadiri muda unavyokwenda. Matundu mengine mawili, ya 6Gb/s, yalikuwa salama. Intel ilikadiria kwamba kutengeneza na kubadilisha kungeigharimu dola milioni 700, mbali na mauzo ya dola milioni 300 ambayo yangepotea. Sina ugomvi na mtengenezaji anayesema ukweli kabla kompyuta nyingi hazijaanza kuharibika.

Lakini tazama lililomkuta muuzaji wa rejareja. Tangazo lilitoka bila bodi za kubadilishia. Chipu zilizorekebishwa zilianza kutoka katikati ya Februari, na Intel haikutarajia kurudi kwenye uzalishaji kamili kabla ya Aprili. Duka lililosema "rudisha bodi, chukua fedha zako" lilionekana karimu, ila prosesa za Sandy Bridge zilitumia soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ya LGA1155, na wakati ule hapakuwa na bodi za soketi hiyo isipokuwa zenye chipu za mfululizo ule ule. Mteja aliyerudishiwa fedha za bodi peke yake alibaki na prosesa isiyo na pa kukaa. Muuzaji mwenye busara angempa hiari ya mambo mawili: lete bodi na prosesa nikurudishie fedha za vyote, au endelea kutumia, hamishia diski zako kwenye matundu mawili mazima, na bodi mpya zikifika nitakuita.

Njia hiyo ya pili inawatia wengi wasiwasi, hasa wanaoona kuendelea kutumia kitu chenye kasoro ni kujitakia balaa. Kwa kasoro ile haikuwa hivyo. Intel yenyewe, wiki moja tu baada ya tangazo, iliruhusu tena chipu zile zile ziende kwa watengenezaji wa kompyuta ambao mashine zao hazikutumia matundu yenye kasoro. Kama hilo liliwafaa wenye viwanda, vipi lisimfae mtu mwenye diski moja na kazi za watu za kumalizia?

Si kila kasoro inavumilika namna hiyo, na hapa ndipo wauzaji wengi wanaponikera, maana barua zao kwa wateja hufanana, kasoro iwe ya namna gani. Mwishoni mwa 2021 ASUS ilikiri kwamba baadhi ya mazabodi zake za ROG Maximus Z690 Hero zilikuwa na kapasita moja (kipande kidogo cha kuhifadhi umeme) iliyofungwa kinyume, karibu na sehemu ya memori. Wateja ndio walioanza kulalamika: bodi zao zinaungua mahali pale pale, zikionyesha msimbo ule ule wa hitilafu, 53. Picha za bodi zilizoungua zilipochunguzwa, ikaonekana kapasita ile imegeuka. Bodi ya namna hiyo haina mashauri ya "hamishia diski zako". Inazimwa, waya wa umeme unachomolewa ukutani, mtu asubiri. Muuzaji anayemwandikia mteja wa bodi ya Z690 kwa maneno yale yale ambayo angemwandikia mteja wa 2011, "tafadhali tutembelee upatapo nafasi", anacheza na moto wa kweli. Sentensi mbili zingetosha kumjibu mteja: je, niizime sasa hivi, na kama sivyo, niepuke kutumia nini?

Suala jingine ni la ushahidi. Ilipojulikana mwaka 1994 kwamba prosesa ya Pentium inakosea katika kugawanya baadhi ya namba, Intel kwanza ilitaka mteja aeleze kwamba hesabu zake ni za aina inayoweza kuathirika, ndipo ibadilishe. Watu walikasirika, IBM ikasitisha kuuza kompyuta zenye prosesa hiyo, na tarehe 20 Desemba Intel ikakubali kumbadilishia yeyote atakayeomba. Hesabu ya gharama ilifika dola milioni 475. Pamoja na hayo, bado nakutana na kaunta zinazomtaka mteja wa bodi iliyotangazwa aonyeshe kwamba ya kwake "imeshaharibika". Anawasha pale pale, inawaka, anaambiwa arudi nyumbani. Kasoro ya 2011 ilikuwa ya kujificha. Intel ilikisia kwamba takriban asilimia 5 ya bodi zingeonyesha tatizo ndani ya miaka 3, na bodi ya namna hiyo ikiwaka leo haithibitishi chochote kuhusu mwakani.

Risiti nayo isigeuzwe kigingi. Kasoro ya kiwandani imefungwa na toleo la bodi, na toleo linasomeka kwenye stika yenye namba ya mfululizo. ASUS ilipotaja Z690 zilizohusika, namba zao zilianza na MA, MB au MC, basi. Aliyenunua bodi hiyo kwa mtu wa tatu, bila hata kipande cha karatasi, ana kapasita ile ile iliyogeuka. Tatizo ni kwamba stika mara nyingi imejificha chini ya kadi ya picha au nyuma ya waya, kwa hiyo muuzaji aliyeandika namba hizo kwenye ankara siku ya kuuza anamwokoa mteja kufungua kompyuta kwa ajili ya kusoma tu. Wachache sana huandika. Wakiambiwa, husema kazi ni nyingi.

Wateja nao hawajakamilika. Katika bodi nyingi za Intel pini za kugusana na prosesa ziko kwenye soketi yenyewe, nyembamba mno, na mtu aliyetupa kile kifuniko cha plastiki cha soketi huileta bodi ikiwa imelala ndani ya boksi bila kinga, pini zimepinda. Kisha anataka mpya kwa nguvu ya tangazo. Hapo muuzaji ana haki ya kukataa, kwa kuwa msambazaji naye atamkatalia, na hasara itamkalia yeye. Kifuniko kitunzwe. Bodi ipigwe picha soketi ikiwa wazi, mbele ya wote wawili, kabla haijabadilisha mikono. Kuna pia wanaorudisha bodi bila kile kibati kinachozunguka matundu ya nyuma ya kasha na nyaya zake, wakidhani mpya itakuja na vyote. Huenda ikaja peke yake kwenye mfuko, sawasawa na watengenezaji wanavyopeleka bodi za kubadilishia. Na wapo wanaotaka kufidiwa kwa toleo la bei kubwa zaidi kwa sababu "mmenisumbua". Usumbufu ninauelewa, lakini hapo nasimama na muuzaji.

Halafu bodi zilizorudishwa zinakwenda wapi? Baada ya tangazo la 2011 watengenezaji waliziwekea alama bodi zilizorekebishwa: Gigabyte na MSI waliongeza B3 kwenye jina, ASUS wakaandika Rev 3.0. Zile za zamani, zenye toleo la chipu la B2, hazikuwa takataka, maana mwenye diski mbili au pungufu angeweza kuzitumia miaka. Kuziuza kwa bei ya chini huku mnunuzi ameelezwa ni biashara halali kabisa. Kuzirudisha rafuni kimya kimya ni wizi, na anayenunua bodi ya kizazi kile leo kwa mtu afungue CPU-Z, programu inayoonyesha vipande vilivyomo kwenye kompyuta, atazame toleo la chipu kabla hajalipa.

Najua jibu la wauzaji: tukitoa mpya kabla ya kupokea mbovu, tutaibiwa. Basi ichukuliwe amana ya bei ya bodi, kwa kadi au kwa simu, irudishwe siku mbovu inapofika. Msambazaji naye akubali, tangu mkataba wa kwanza, kwamba siku ya tangazo atapeleka dukani akiba ya bodi nzima kulingana na alizouza, asisubiri kuletewa mbovu moja moja. Duka dogo haliwezi kubeba mzigo huo kwa mtaji wake, na wala halipaswi, kwa sababu halikuifunga kapasita ile kinyume. Mteja atakayepokea mpya na kukaa siku 30 bila kurudisha ya zamani apoteze amana yake. Wa namna hiyo watakuwepo, na hata hao duka litakuwa limewauzia bodi kwa bei kamili.

Msomaji wako,
Fundi wa kompyuta