Rajabu, usilale peke yako humo ndani

Mwanangu Rajabu,

Assalaam alaykum. Simu hupokei, na siku ukipokea unasema upo kwenye daladala utanipigia baadaye. Barua hii anakuletea Saidi, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka uisome mbele yake. Kisha atalala hapo hapo. Usimfukuze.

Mama Nasra amenipigia kutoka Korogwe. Usimkasirikie, hakutaka kukusema, ni mimi niliyembana. Anasema umemuuliza karatasi za bima ameziweka wapi, ukataka uhakika kama jina lake ndilo lililoandikwa, halafu ukacheka ukasema siku ukiondoka angalau wao watakula. Kicheko hicho sikukipenda. Basi nakuuliza waziwazi, nawe unijibu waziwazi: Rajabu, unawaza kujiua? Ukisema ndiyo sitapiga kelele wala sitaitisha kikao cha ukoo. Ila hapo hulali peke yako, leo wala kesho, mpaka mambo haya yapoe. Na chochote humo ndani kinachokuletea mawazo hayo mpe Saidi akiondoe, hata kama unaona namfanya mtoto mdogo akulinde.

Madeni nayajua. Nimeyajua kabla ya mkeo, maana hao wa mkopo wa kwenye simu walinitumia ujumbe mimi, na ustadhi wa madrasa ya Nasra, na fundi cherehani wa hapa kona, kwamba wewe ni tapeli umekimbia deni. Ustadhi alinionyesha simu yake huku anatazama chini, ameona aibu kuliko mimi. Saidi ameitafuta programu hiyo, akaikuta kwenye ile orodha ya Benki Kuu ya Novemba 2024, ya programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Kumbe wanaokutishia usiku wenyewe hawana leseni! Deni la benki ni jingine, hilo lipo na litalipwa. Lakini benki mtu anakwenda, anakaa nao, anaomba marejesho yapangwe upya, muda urefushwe. Wanasikiliza zaidi ukiwafuata kabla hawajakutafuta. Wewe umezima simu. Kuzima simu ni tabia ya kwa baba yenu, kwetu sisi tunagombana tukamaliza.

Yule mama wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, alikuja hapa nyumbani. Alinijia juu barazani, majirani wote wanasikia. Nikamwacha amalize, nikampa chai na andazi. Amekubali kupokea kidogo kidogo kuanzia mwezi ujao. Ya Kariakoo na mwenzio aliyetoweka na pesa za mzigo sitaki kuyarudia, unayajua mwenyewe.

Sasa hiyo bima. Siku unaikata nilikusifu kwa watu, nikasema mwanangu ana akili ya mbele. Usije ukanieleza kifungu gani kinalipa na kipi hakilipi, sitaki kusikia, maana hata wangeleta gunia la noti hapa barazani mimi nitalipeleka wapi? Nasra ataliita baba? Karatasi hizo mpe Saidi aniletee, nazifungia kwenye kabati langu mimi mwenyewe. Tena kama ni ile ya kuweka akiba, inaweza ikakusaidia ungali hai. Ukishachangia kwa muda wa kutosha kuna kiasi unachoweza kurudishiwa ukiivunja, si chote, au wakakupa nafuu kwenye michango. Mtakwenda kuuliza na Zuhura, yeye haogopi maofisa. Wakiwazungusha, ipo ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, TIO, kazi yake ndiyo hiyo.

Kabla ya bima na benki, hospitali. Asubuhi Saidi anakupeleka Muhimbili, kwenye idara ya magonjwa ya akili. Usinikunjie uso. Sijasema Mirembe, na hata huko Mirembe watu wanatibiwa wakarudi kazini kwao. Usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, unakaa gizani na taa zipo: hayo ni maradhi kama hii sukari yangu, na mimi kliniki nakwenda bila kumwonea mtu haya. Mwambie daktari yote. Na neno la bima mwambie, usimfiche. Mawazo yakikuzidi leo hii usiku, msingoje asubuhi, mwende usiku huo huo na mnipigie nije.

Baba yenu mdogo ameanza habari za dhambi na moto. Nimemwambia anyamaze, au akalipe deni kwanza ndipo ahubiri.

Hapa nyumbani sisi tumezoea kukuhesabu wewe. Ada ya Zuhura wewe, bati za uani wewe, msiba ukitokea wote tunakutazama wewe. Hakuna aliyekuuliza unazitoa wapi. Wala mimi. Zuhura sasa ana mshahara, nimemwambia atachangia, amenuna lakini atatoa. Na wewe nawe, kiburi! Ungesema "mama sina" tungekula mchicha na dagaa, tumewahi kula nini cha maana sisi?

Yule mpangaji wa chumba cha uani amehama, ameniachia deni la luku na mlango hauna komeo. Chumba sikipangishi. Ni chako, na mama Nasra akirudi na watoto mtabanana mpaka mtakapojipanga, maana kodi ya huko Kimara inakumaliza bure. Neti nimeshafunga. Godoro lako lile zuri mlete kwa bajaji, Saidi ana nauli, usimwambie dereva akupitishe njia ya sokoni saa za foleni. Komeo utafunga mwenyewe, fundi wa hapa kanitajia bei ya kunikomoa.

Nikirudia utasema mama ana kelele, haya, narudia: usilale peke yako. Saidi akitaka kwenda kuangalia mpira, mwende wote.

Na lile sufuria langu kubwa alilochukua mama Nasra siku ya maulidi, uje nalo. Sijalisahau.

Mama yako,
Tandika