Barua ya wazi kwa Waziri: Tuwashieni taa za uwanja wa ndege

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa anga,

Nakusalimu kwa heshima zote. Barua zangu mbili za mwanzo nilizipitisha ofisini kama utaratibu unavyotaka, na hadi leo sijajibiwa. Hii ya tatu naiweka hadharani.

Alhamisi iliyopita kaka yangu alidondoka kutoka ghorofani akiwa kazini. Hospitali yetu iligundua damu inavuja ndani ya fuvu, na daktari wa upasuaji wa ubongo hatuna. Ikaitwa ndege ya wagonjwa. Saa mbili usiku tulikuwa getini pa uwanja, yeye amelazwa ndani ya gari, muuguzi akiminya mfuko wa hewa kwa mkono, akibadilisha mkono kila unapochoka. Saa mbili na nusu simu ikaingia: rubani hawezi kutua gizani. Ndege ilikuwepo, rubani alikuwepo, fedha ndugu tumeshachangishana. Kilichokosekana ni taa.

Kwa barabara ni safari ya kutwa nzima, na daktari alisema asingehimili mitikisiko. Tukamrudisha wodini tukasubiri kupambazuke. Ndege ilitua saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Kaka yu hai, namshukuru Mungu. Lakini mkono wake wa kulia hauinuki, na jina langu bado hajaweza kulitamka. Daktari hakutaka kusema kama ni zile saa karibu kumi zilizomnyang'anya mkono. Mimi nasema ndizo.

Usiku ule mlinzi mmoja alinihurumia, akanimulikia kwa tochi taa mojawapo ya pembeni mwa njia ya kurukia. Kioo kimepasuka, ndani maji ya mvua, na nyigu wamejenga humo. Nyigu hawajengi kwa siku moja, Mheshimiwa. Wapo wanaosema nyaya ziliibwa, wengine wanasema jenereta halina mafuta. Naona sababu ni kwamba ndege za abiria kwetu hutua mchana, na wakubwa wakishapanda na kushuka salama, giza la usiku linabaki letu.

Ulipokuja kuzindua jengo la abiria nilikuwepo, mstari wa tatu. Ulisema ndani ya miezi sita uwanja huu utapokea ndege usiku na mchana. Tulikupigia makofi mpaka viganja vikauma. Mwezi ujao inatimia miaka mitatu. Vigae vya jengo vinang'aa, viyoyozi vinafanya kazi, na njia ya kurukia iko gizani.

Nimesikia hoja kwamba abiria wetu ni wachache na uwanja haujilipi. Uwanja wa mji mdogo haupimwi kwa tiketi peke yake. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, anazoongezewa mgonjwa wa saratani hudumu siku 5 hadi 7 tu tangu zitolewe kwa mchangiaji. Zikikaa njiani siku mbili, sehemu kubwa ya muda wa kuzitumia imekwisha. Mafuriko yakikata daraja, chakula na dawa huingilia uwanjani hapo. Mama mwenye uzazi uliokwama hachagui kukwama mchana.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, ibara ya 28, unazitaka nchi ziweke viwanja vya ndege na mifumo ya alama na taa, kadiri itakavyowezekana. Najua maneno hayo ya mwisho yanaacha mlango wa kutokea. Basi tuhesabu pamoja kama haiwezekani. Njia yetu ina mita 1,500. Hata tukifuata kipimo kikali, taa za pembeni zisiachane zaidi ya mita 60, ni taa 26 kila upande. Taa 52. Ongeza za kijani mwanzoni mwa njia na nyekundu mwishoni, nyaya, jenereta na fundi wa kuzikagua. Jengo lile limegharimu zaidi ya hayo.

Nilikusudia kuomba na gari jipya la zimamoto, na uzio, maana mbuzi hukatiza njiani. Hayo nayaweka kando. Naomba taa. Tafadhali taja tarehe zitakapowaka, na siku hiyo uje usiku, kwa ndege, utue hapa kwetu.

Wako mtiifu,
Dada wa mgonjwa