Yah: Amana yangu ya 2,400,000 na mashine ya ovaloki (ya kushonea kingo za nguo zisichanike nyuzi), duka namba B14

Kisenyi, Kampala
6 Oktoba 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Jengo,
Kampala.

Bwana Meneja,

Nimepokea barua ya wakili wenu ya tarehe 24 Septemba inayonitaka nilipe shilingi 1,450,000 ndani ya siku saba. Siku saba zimepita, sijalipa na sitalipa, kwa sababu pesa hizo sidaiwi. Wenye deni ni ninyi. Simjibu wakili, nakuandikia wewe, tena kwa Kiswahili, maana ndicho tulichoongea miaka yote minne. Hata ule mkataba wa Kiingereza ulinifafanulia wewe mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, tumekaa juu ya majora ya vitambaa kwa kuwa viti vyangu vilikuwa havijafika.

Niliingia Septemba 2021, zile siku 42 za kufungiwa kwa sababu ya korona zimekwisha tu, na nusu ya ghorofa yenu ikiwa tupu. Pango lilikuwa 1,100,000 kwa mwezi, na amana ya miezi miwili. Mwaka 2023 mkapandisha hadi 1,200,000, mkaniomba niongeze 200,000 kwenye amana ili ilingane. Niliongeza bila neno, na risiti ninayo.

Mei mwaka huu mkaniandikia kwamba kuanzia Agosti pango litakuwa 1,500,000. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 25 kwa mkupuo mmoja. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo mngeweza kudai 1,320,000 na tukaendelea kuishi kwa amani. Nilikuja ofisini, ukaniambia soko ndilo linaloamua. Sikubishana. Tarehe 30 Mei nilileta notisi ya siku sitini kama mkataba unavyotaka, na katibu wenu akaigonga muhuri mbele yangu.

Sasa wakili wenu anaandika kwamba "niliondoka bila taarifa". Nashangaa kama aliwahi kuonyeshwa faili langu.

Tarehe 31 Julai, saa kumi na moja jioni, nilimkabidhi mwangalizi wenu chumba. Tulizunguka pamoja. Aliwasha taa zote, akajaribu soketi moja moja kwa chaja ya simu yake, akavuta shata juu na chini mara mbili. Kosa aliloliona ni moja, ufa kwenye kioo cha mbele, na nilikiri kwamba ngazi yangu ndiyo iliyokigonga. Kisha tukashuka hadi kwa askari, akaandika katika kitabu chake: "B14, funguo 3, zimerudishwa." Mwangalizi akatia saini, nami nikatia yangu. Ukurasa huo nimeupiga picha. Una doa la chai kwenye kona, mkiutafuta mtaujua.

Kwa hiyo nielezeni pango la Agosti na Septemba mnalodai, shilingi 3,000,000, ni la nini. Funguo zilikuwa kwenu. Zaidi ya hapo, tarehe 18 Agosti nilipita pale kumwona mteja, nikakuta B14 wazi, kijana anauza kava za simu na chaja. Kibao chake kimetundikwa kwenye misumari niliyoipigilia mimi. Kama mlimtoza gudwili, yaani pesa ya kuingilia duka, hiyo ni biashara yenu naye. Lakini chumba kimoja hakiwezi kulipiwa pango na watu wawili kwa mwezi mmoja, mmoja yuko ndani na mwingine hana hata ufunguo.

Kuna na 850,000 za "rangi na matengenezo"; mkijumlisha na hizo 3,000,000 na kukata amana yangu ndipo mnapata 1,450,000 zenu. Ule ukuta wa nyuma una unyevu unaotoka kwenye bomba la choo cha ghorofa ya juu. Nililalamika mara tatu kwa maandishi, na mwaka jana majora manne ya kitenge yaliniozea pale chini. Lile doa lenye umbo la sikio lilikuwepo nilipotoka, na siku ile ya Agosti nililiona bado liko palepale, limezibwa nusu na kava za simu. Rangi iliyopakwa ni ipi?

Linaloniuma zaidi ni mashine. Ovaloki yangu imefungwa kwenye meza yake na hakuna boda anayeweza kuibeba. Mwangalizi ndiye aliyesema niiache kwenye stoo ya chini ya ngazi hadi Jumatatu. Tarehe 4 Agosti nikaja na pikapu niliyokwisha kuilipia, askari akaniambia ana amri ya ofisi kwamba kitu cha B14 kisitoke. Aliniambia huku anaangalia chini, maskini, si yeye aliyeamua. Siku ile sikuwa na deni la pango na hakuna aliyekuwa amenidai. Hajaja dalali wa mahakama, wala sijaonyeshwa karatasi ya hakimu. Ni kufuli tu. Na sasa wakili anasema mtaiuza.

Septemba shule zilipofungua muhula wa tatu nilikuwa na oda ya sare 60. Kila sketi na kila shati nililipeleka kwa jirani kupigwa ovaloki, nikapanga foleni nyuma ya kazi zake mwenyewe. Oda nilichelewesha kwa siku tisa, na mwalimu aliyenipa hajanipigia tena. Gomesi (magauni ya kina mama) na kanzu za harusi za Desemba zimeanza kuletwa, na mimi bado nashona kwa cherehani moja.

Ninachodaiwa nakikubali: kioo, shilingi 90,000 kwa bei aliyoniandikia mwangalizi, na maji ya Julai, 38,000. Toeni hizo kwenye amana ya 2,400,000. Zinabaki 2,272,000. Nataka pesa hizo, mashine yangu ikiwa nzima, na barua fupi ya kufuta dai la wakili, kabla ya tarehe 20 Oktoba.

Zikipita siku hizo 14 kimya, nitafungua madai madogo mahakamani. Pesa hizi pamoja na thamani ya ovaloki hazifiki shilingi milioni 10, ambayo ndiyo mwisho wa madai ya namna hiyo, na kule kila mtu hujisemea bila wakili. Nitakuja na notisi yenye muhuri, risiti zangu na picha ya kitabu cha askari. Nakala zake zote nimeziambatanisha hapa ili msiseme hamkuziona.

Pesa mnaweza kuzituma kwenye namba ileile niliyokuwa nikilipia pango. Ovaloki nitaifuata mwenyewe. Nipigie siku moja kabla nitafute pikapu, na tafadhali mwambie askari mapema.

Mpangaji wa zamani, B14

Nakala: Mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa)