Ukiagiza "matete" tutakuuliza maswali kwanza

Wateja wengi hutuandikia hivi: "Naomba matete ya bwawa." Tukiwauliza yapi, wengine hukereka. Tuwieni radhi. Kwa jina hilo watu huita karibu kila mmea mrefu uotao majini, na sisi tumeshalipia kosa hilo kwa kurudishiwa mzigo mzima.

Kama una mfano wa mmea unaoutaka, shika shina lake. La mafunjo lina pembe tatu; ukilizungusha vidoleni kingo zake unazihisi, na huoni kifundo mpaka ufike kwenye kile kishungi cha nyuzi. Matete yenyewe, Phragmites, ni ukoo wa nyasi: shina la mviringo, tupu ndani, lenye vifundo kama mwanzi mwembamba. Ule wenye majani bapa kama mikanda na kichwa cha kahawia mithili ya soseji ni Typha. Hii miwili ya mwisho hutambaa chini kwa chini kwenye tope, kwa hiyo bwawa likiwa dogo ipande ndani ya ndoo.

Mkanganyiko mwingine ni lotus, mmea wa majini wenye maua. Hapa hata jina la kisayansi linaweza kukupoteza: Nymphaea lotus, jina alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, ni yungiyungi. Lotus yenyewe ni Nelumbo nucifera. Tazama jani. La yungiyungi lina mpasuko kutoka ukingoni hadi kwenye kikonyo. La Nelumbo ni duara lisilokatika, kikonyo kimelishika katikati kama mpini wa mwavuli, na likikomaa hunyanyuka juu ya maji.

Ndiyo maana sisi hupanga mimea kwa mahali inapokaa: iliyosimama topeni, yenye mizizi chini na majani yanayoelea, inayoelea yenyewe, na iliyozama. Ya kuzama wengi huisahau kwa kuwa haina ua la kujivunia, ilhali ndiyo inayotia oksijeni moja kwa moja majini.

Katika mimea inayoelea, gugumaji hatuliuzi, hata ukilisifia vipi ua lake la zambarau. Gugu hilo likipata joto na rutuba huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi.

Ukiagiza, tupe kina cha maji, utuambie kama yametulia au yanatiririka, na picha ya shina au jani ukiwa nayo.