Kasha la Baba lisiguswe

Copenhagen, 18 Januari 2026

Kwako Dada mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali nasi. Baridi ipo, tumeshaizoea.

Kaka kanitumia sauti kwenye simu. Anataka pesa za kupiga lipu chumba cha uani apate kuweka mpangaji. Pesa si neno. Lakini mwishoni kapitisha harakaharaka kwamba yale makaratasi ya marehemu atayachoma. Makaratasi gani, Dada? Si barua za Baba zile za kashani! Zimo zangu zote nilizomwandikia, na madaftari yake. Unakumbuka alivyokuwa: anaandika kwanza daftarini kwa herufi za Kiarabu, anasoma, anafuta, ndipo anakili kwenye ile barua ya ndege ya buluu, karatasi inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Na kwa kuwa ndani haikuruhusiwa kutia kitu, alibana maneno mpaka pembezoni. Ngamiani nzima ilikuwamo: nani kaozesha, nani kazikwa, nani kagombana na nani kisimani.

Kaka hajawahi kuniandikia hata mstari. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa posta kufungua sanduku, na barua zangu ngapi zilimfikia Baba zimeshachanwa, noti hamna? Nimelinyamazia hilo kwa heshima ya mzee. Kuchoma, hapana. Sikubali.

Huku kwenyewe barua zinakwisha. Posta yao, aliyoianzisha mfalme mwaka 1624, imepeleka barua ya mwisho tarehe 30 Desemba. Masanduku mekundu ya barabarani, 1,500 yaliyokuwa yamebaki, wameyang'oa. La mtaani kwetu limeacha kiraka cha lami mpya, nami kila nikipita roho inaniuma. Sasa kuna kampuni nyingine, barua unaipeleka dukani. Hii naituma kwa S.L.P. ya shule yako, isipite mkononi mwa mtu.

Ndani utaona barua ya Zuhura kwa bibi yake. Kaiandika mwenyewe, kurasa mbili za Kiswahili, sijamsahihisha hata nukta! Mtoto aliyezaliwa huku! Nimewaonyesha kazini wote, hata wasiojua neno. Msomee Mama taratibu, kisha yeye aseme, wewe uandike. Sauti za simu sizitaki, simu ikiharibika zinapotea nayo. Aniambie mwembe umezaa vipi, na kama bado anasonga bada ya muhogo Ijumaa. Juzi nimeiota, na samaki wake wa nazi, nikaamka nimeshiba machozi.

Pesa za lipu zinakuja kwako, si kwa Kaka. Kwanza kasha lifike chumbani kwako, ulifungue uhakikishe madaftari yote yamo, ndipo umkabidhi pesa. Akiuliza, mwambie mimi ndiye niliyesema.

Ni mimi mdogo wako