Kaka, karatasi ulizozichoma hazikuwa Qur'ani

Kaka yangu, mwana wa ami,

Assalaam alaykum. Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma ukanyamaza. Nakuandikia hapa mbele za watu, nao watakaosoma wanisamehe kwa kutowaeleza kila jambo. Wewe wajua nyumba ipi, sanduku lipi na siku ipi.

Arubaini ya Bibi. Watu wamekwisha kula, majamvi yanakunjwa, nawe umekaa uani na lile sanduku la bati mbele ya miguu yako. Karatasi yenye Kiingereza na muhuri uliiweka kando. Zenye herufi za Kiarabu ulizipanga kwa adabu, ukazibusu, ukazitia katika karai na kuziwasha, kama unavyofanyiwa msahafu uliochakaa. Hukuwa na nia mbaya. Hilo nalijua, na ndilo linalonitesa, maana mwenye nia mbaya ningejua la kumwambia.

Zile zilikuwa Kiswahili, kaka. Hati za mauzo, stakabadhi, hesabu za mbao. Wazee wa Mombasa waliandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, na hati ilianza kwa Bismillahi hata ikiwa ni ya deni la rupia chache. Bismillahi juu ya karatasi haitoshi kuifanya aya. Ukiona khati usiyoweza kuisoma, mpe anayeisoma, tena awe Mswahili, kwa sababu msomaji wa Kiarabu peke yake hupotea humo. Be moja hubeba b, p na mb. Fe hubeba f na v. Ghaini hubeba g na ng. Jina la mtu wa Mvita lililoandikwa hivyo, mfasiri asiyejua Kiswahili hulitoa likiwa jina jingine kabisa.

Utasema mbona sikukuzuia. Wewe ni mkubwa kwangu, na ulikuwa mbele ya wageni. Basi.

Ulimwambia shangazi kwamba namtafuta Fundi, yule seremala wa ukoo wetu, ili nipate kudai kiwanja. Nitakueleza anavyotafutwa, hatua kwa hatua, uone mwenyewe kama hiyo ni njia ya mtu anayetaka kiwanja.

Fundi seremala wa zama za Mwingereza haonekani kwa urahisi katika karatasi zake mwenyewe. Huonekana katika karatasi za majirani, wadai na mashahidi wake. Ndiyo maana kupoteza sanduku si kupoteza kila kitu. Tangu 1901 pwani yetu ilikuwa na sheria ya kuandikisha hati. Hati ya ardhi ikipelekwa kwa msajili, ilinakiliwa katika daftari la serikali, kisha mwenyewe akarudishiwa ile ya asili ikiwa na namba ya daftari, ukurasa na tarehe, mara nyingi mgongoni. Ukiwa na namba hizo, nakala huipata hata kama ya asili imeliwa na mchwa. Ukizikosa, unabaki na faharasa ya majina, unaipekua mwaka baada ya mwaka. Ulichochoma, kaka, ni ile migongo.

Faharasa nayo ina tabu yake. Makarani hawakukubaliana jina la mtu wetu liwekwe wapi. Ali bin Salim mtafute kwenye A, kisha S, kisha hata B ya bin. Khamis mtafute akiwa Hamis na Hamisi. Neno "fundi" ni mtego zaidi. Seremala ni fundi, mwashi ni fundi, mshona kanzu ni fundi, na wapo walioitwa Fundi tangu kuzaliwa wala hawakushika randa. Ukikuta "Fundi bin Juma" hujapata seremala bado. Ukikuta "Juma Fundi" huenda umempata, lakini ngoja uone anafanya nini katika hati: ananunua boriti, anaijengea nyumba mlango, au ameitwa shahidi tu. Mashahidi wasome wote hadi wa mwisho, kwa kuwa fundi huitwa kushuhudia nyumba aliyoijenga.

Baada ya hapo yaja ile sheria ya hatimiliki ya 1908. Kila aliyedai ardhi katika ukanda wa pwani, ule ambao Mwingereza aliukodi kwa Sultani wa Zanzibar 1895, alitakiwa alete dai lake mbele ya Rikoda wa Hatimiliki. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wengi hutazama cheti cha hatimiliki tu, wakaona jina na ukubwa wa kiwanja, wakaridhika. Mimi nasema cheti ndicho chenye habari chache kuliko vyote. Mali ni jalada la dai. Humo mdai alilazimika kueleza alivyopata ardhi: alirithi kwa nani, alinunua kwa nani, nani amekaa hapo na kwa ruhusa gani, na majirani wakaitwa kuthibitisha au kupinga. Fundi ambaye hakuwa na kiwanja hata kimoja anaweza kuwamo katika jalada la mtu mwingine, akitajwa kuwa mpangaji au jirani wa upande wa suheli, yaani kusini.

Hapa ndipo unapokosea kuhusu mimi. Mombasa yetu ina nyumba bila ardhi. Mtu alijenga yake, mawe au udongo na makuti, juu ya kiwanja cha mwenzake, akalipa kodi ya ardhi. Nyumba yake, ardhi si yake. Fundi wa namna hiyo hana cheti cha 1908 na hatakuwa nacho kamwe. Utamwona katika madaftari ya kodi ya mwenye ardhi, katika karatasi za wakfu kama kiwanja kiliwekwa wakfu, na katika hati za kuuziana nyumba peke yake. Anayetaka kiwanja, kaka, hamtafuti mtu kama huyo.

Mipaka ndiyo ninayoipenda. Hati ya zamani haikuwa na ramani, ilitaja pande nne na kilicho kila upande: kibla, suheli, matlai, maghribi. Kwetu kibla ni kaskazini, suheli ni kusini, na matlai ni mashariki. Vipimo vilitajwa kwa dhiraa, mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, karibu nusu mita, na dhiraa nne zikafanya pima moja. Chukua hati moja, andika majirani wake wanne. Tafuta hati za hao wanne, nao kila mmoja ana wake. Ukifika hati ya saba au ya nane mtaa mzima umeanza kujichora, na pengo linalobaki katikati, ambalo kila jirani analitaja "nyumba ya fundi" upande wake mmoja, ndilo lake. Kazi hii huharibika kwa mambo mawili. La kwanza, jina la jirani huendelea kuandikwa miaka mingi baada ya kufa kwake, kwa hiyo usilitumie kuthibitisha kwamba alikuwa hai. La pili, watu hugeuza pande wanapohamishia kwenye ramani. Weka kibla juu ya karatasi kabla hujachora mstari wowote.

Jingine linalowapoteza wengi ni bei ya khiyari, yaani kuuza kwa sharti la kuweza kurudisha. Riba ni haramu, na seremala alihitaji fedha za msaji au mbambakofi kabla hajalipwa mlango. Basi alimwuzia tajiri nyumba yake kwa fedha taslimu, akiwa na khiyari ya kuirudisha kwa fedha ileile ndani ya muda waliopatana, huku akiendelea kukaa humo na kumlipa tajiri kodi. Kwa asiyejua, hati inasomeka kama mauzo: fulani amekiri kuuza nyumba yake. Ndipo utakaposikia ukoo mzima ukisimulia kwamba babu aliiuza nyumba kwa ulevi au upumbavu. Tafuta neno khiyari, tafuta muda, kisha tafuta hati ya pili ya kurudishwa. Yale maneno uliyokuwa ukiyasema juu ya Fundi tangu utotoni, kwamba aliuza mali ya watoto, yawezekana yalitoka katika karatasi moja iliyosomwa nusu. Na nusu ya pili huenda ilikuwa karaini.

Tarehe nazo zinataka utulivu. Miezi yetu huhesabiwa baada ya Ramadhani: Mfunguo Mosi ni Shawali, Mfunguo Tatu ni Dhulhija, na mwaka wa Hijria hubadilika Mfunguo Nne, ambao ni Muharamu. Hati ya Mfunguo Tatu 1317 na ya Mfunguo Nne 1318 zaonekana zimeachana mwaka, kumbe ya kwanza ni Aprili 1900 na ya pili ni Mei 1900. Siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoitwa leo Alhamisi usiku. Kwa kukadiria, kumbuka mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Fedha pia husaidia kupima ukweli wa tarehe: rupia iliachwa 1920, ikaja florini, shilingi ikafuata 1921, na rupia moja ikahesabiwa shilingi mbili. Anayekupa stakabadhi ya shilingi akasema ni ya 1910, mrudishie.

Sasa lile ambalo hatulisemi nyumbani.

Najua unaogopa nini, kwa kuwa Bibi naye aliliogopa. Mtu aliyesilimu, au aliyekuwa mtumwa, ambaye baba yake hakuwa na jina la Kiislamu, mara nyingi aliandikwa bin Abdalla. Kwa hiyo ukifika kwa bin Abdalla usikimbilie kumtafuta Abdalla, huenda hakuwahi kuwapo mtu wa jina hilo. Wapo mafundi wa mji huu waliofanya kazi wakiwa watumwa, wakitoka asubuhi na patasi zao na kumpa bwana sehemu ya ujira. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria pwani yetu 1907, na mabwana wakaruhusiwa kudai fidia kwa serikali, na madai yakaandikwa. Fundi akiwa wa huko, atakuwa na hati ya kuachwa huru mbele ya kadhi, au jina lake litakuwa katika dai la bwana. Na katika mirathi, mwacha huru alikuwa na haki ya kumrithi yule aliyemwacha huru, ikiwa huyu hakuacha warithi wa nasaba. Ukikuta mgeni asiyehusiana na ukoo amejitokeza kwenye mirathi ya fundi, fikiria hilo kabla hujamwita mwizi.

Nikimkuta huko nitamwandika kama alivyo. Mtu aliyechonga mlango ule uliokulia chini yake hapungui kwa neno la karani. Kama ulizichoma kwa kuogopa hilo na si kwa kuheshimu aya, niambie. Nitakasirika, lakini nitaelewa. Sitaki kuendelea kukisia.

Kwa wengine watakaopita hapa: gazeti rasmi la serikali lilianza 1899 na matoleo yake mengi yamo kwenye intaneti bure, yakiwa na matangazo ya mirathi na ya madai ya ardhi. Mashine iliyoyasoma hukosea majina yetu, ikafanya bin kuwa bm au hin, kwa hiyo tafuta kwa jina la mtaa au la jirani pia. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, nendeni mkiwa mmeshaandika namba za majalada mnayoyataka. Kule Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, mafungu ya CO 533 yana barua za Kenya na Wizara ya Makoloni. Lakini jina la seremala halifiki London kirahisi. Anzeni kwa msajili na kwa kadhi.

Kaka, nirudi kwako. Ile karatasi moja uliyoibakiza, yenye muhuri, nasikia wataka kuipeleka ikafunikwe plastiki. Usifanye hivyo. Joto la ile mashine huharibu wino na plastiki haitoki tena. Usiitie gundi wala selotepu kwenye mikunjo. Itandaze penye kivuli karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, uipige picha mbele na nyuma, pembe zote nne zionekane, na rula pembeni. Kisha itie katika bahasha safi ya karatasi, mbali na jiko na mbali na dari.

Picha ya mbele si lazima unitumie, baki nayo, na kiwanja chake baki nacho. Nitumie ya nyuma. Pembeni, juu ya alama ya mkunjo, nadhani niliona namba kabla hujaikunja.